Kiti cha Pembeni ya Dereva

Fundi hakutafuna maneno. Alilinyanyua lile gari kongwe la akina Tollefsrud kwa jeki, akaichoma chesisi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama inaingia kwenye mkate. Chumvi hiyo. Kila kipupwe serikali inamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke, na kila kipupwe chumvi hiyo hiyo inakula magari ya watu kwa chini, wala hakuna pa kulalamika. Fundi akamwambia mzee Verlyn, mwenye gari, kwamba pale hapachomeleki tena. Verlyn akacheka, akasema hata yeye mwenyewe ana kutu na bado anatembea. Mkewe Ardis, aliyesimama kando ameukumbatia mkoba wake, hakucheka.

Alikuwa na sababu. Macho ya Ardis yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni aliona, ila chochote alichokitazama moja kwa moja, uso wa mtu au kibao cha njia, kilimezwa na doa la kijivu, na leseni yake alishairudisha. Verlyn naye macho alikuwa nayo, tena makali, lakini kichwa ndicho kilichoanza kuvuja. Aliweza kufika njia panda aliyoipita tangu ujana wake, akasimama hapo hajui kanisa liko kulia au kushoto. Basi wakagawana kazi: mume akawa macho, mke akawa kichwa. Ardis aliijua wilaya nzima kwa mtikisiko wake. Alisikia changarawe inapoanza, alisikia daraja linavyogonga matairi, aliona kivuli cha maghala ya mahindi kikipita dirishani, akasema taratibu, "Kata kushoto, Verlyn," na Verlyn akakata. Walikwenda hivyo kanisani, dukani na kwa daktari, na hakuna aliyeshtuka. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Najua utasema walikuwa wanacheza na roho za watu. Sema tu. Lakini huku Dakota Kusini, Marekani, hata ukipiga ukunga jirani hakusikii, na basi halijawahi kupita. Asiyeendesha gari huku hufungashwa virago. Binti yao Janelle, anayeishi mbali, mjini Minneapolis, alishatoa hukumu tangu Pasaka: siku gari lile litakapokufa, shamba linauzwa, baba anapelekwa kwenye nyumba ya waliopotewa na kumbukumbu, ile ambayo milango yake hufungwa kwa nje, na mama anapewa chumba kwake. Mmoja huku, mwingine kule, baada ya kulala kitanda kimoja umri wao wote. Kwa hiyo Ardis hakuwa anatafuta gari. Alikuwa anatafuta namna ya kubaki na mumewe.

Wakalikokota lile kongwe kwa mwendo wa kobe mpaka mji wa Aberdeen, kwenye yadi za magari. Walitaka gari la juu kama lile lao, ila la karibuni, lenye nguvu ya kupasua theluji.

Yadi ya kwanza, muuzaji alimfungulia Verlyn mlango wa dereva, akamfungulia Ardis mlango wa nyuma, kisha yeye mwenyewe akataka kujipachika mbele. Ndiyo desturi. Anayeuza hukaa pembeni ya anayejaribu, na mke hutupwa nyuma na mkoba wake. Sasa Ardis akikaa nyuma, nani atanong'ona? Akapiga moyo konde, akadanganya kwamba kiti cha nyuma humtapisha. Muuzaji akavitazama vile viti vipya vya ngozi, akahamia nyuma mwenyewe bila kubembelezwa.

Haikusaidia kitu. Verlyn alitafuta tundu la ufunguo, tundu halipo. Alitafuta mkono wa gia, akakuta kidude cha kuzungusha kama cha jiko. Walipofika barabarani gari likawa linalia kila aliposogelea mstari, na kila lilipolia alikanyaga breki, na waliokuwa nyuma wakawapigia honi. "Gari hili lina mdomo kuliko marehemu mama yako," Verlyn akamtania mkewe. Ardis akacheka, lakini alisikia pumzi za mumewe zinavyokwenda mbio, na akaogopa. Waliporudi alimwambia muuzaji kwamba rangi haikumpendeza. Rangi yenyewe hata hakuiona.

Yadi ya pili walimkuta Trent, bwana mnene mpole aliyewapa kahawa na bisi za bure kabla hajawauliza shida yao. Trent alikuwa na gari moja lililotumika miaka michache tu, la ufunguo wa kuzungusha na mkono wa gia wa kushika. Aliposikia habari ya kutapika alipanda nyuma bila neno. Na ana njia yake moja huyo, kama walivyo wauzaji wote: ukitoka yadi ni kulia, tena kulia, tena kulia, mpaka umerudi ulikotoka, maana huku magari hupita upande wa kulia, na hakuna muuzaji anayependa mgeni akate kushoto mbele ya malori. Trent akawa anasema, "Kulia hapo, mzee wangu," na Verlyn anakata kulia, laini kabisa, mkono mmoja usukani, huku anasimulia jinsi marehemu baba yake alivyomfundisha kuendesha trekta. Ardis hakulazimika kunong'ona hata mara moja.

Moyo wake ukajaa. Akawaza kwamba kipupwe kitawakuta nyumbani, kwamba mezani watakaa wawili kama kawaida, kwamba Janelle atapiga simu na hatakuwa na la kusema. Alitamani kulia kwa furaha humo humo garini.

Trent naye alishanusa biashara. Waliporudi yadi akashuka, akasema, "Sasa nendeni wenyewe, mkalizoee bila mimi kuwapigia kelele. Mimi nipo hapa na bisi zangu."

Wakatoka wawili. Ardis akamwambia mumewe akate kushoto, kuelekea nje ya mji, maana barabara ile aliijua kwa masikio. Verlyn akakata vizuri. Nyumba zikaisha, mashamba yakaanza. Kiti kilikuwa kigeni, harufu ya gari ngeni, hata mlio wa injini haukuwa ule walioishi nao.

Kisha Verlyn akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Samahani, dada," akasema. "Gari nimelipenda, sikufichi. Ila siwezi kuamua peke yangu. Lazima kwanza mke wangu alipande."

Ardis alidhani ni utani. Alimgeukia, akaona doa la kijivu pale uso ulipo, na pembeni ya doa sikio lake na ukingo wa kofia yake. Sauti haikuwa na utani. Ilikuwa ile sauti anayowasemeshea wageni benki.

"Mkeo?" akauliza.

"Ardis. Macho yake hayaoni vizuri, maskini. Na mimi, nikwambie ukweli, lakini usimwambie bosi wako: njia zinanipotea. Yeye ndiye anayenielekeza. Bila yeye sifiki hata kwenye sanduku la barua langoni." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Anadhani sijui kama anaogopa. Usiku anashika mkono wangu mpaka ganzi."

Maneno yote yalikuwa kweli. Kila kitu alikuwa anakijua, isipokuwa aliyekaa pembeni yake.

"Verlyn," Ardis akasema. "Ni mimi. Ni mimi, Ardie."

Verlyn akageuka kumtazama. Ardis hakuuona uso wake, na pengine ilikuwa bora. Lakini alisikia pumzi zikianza kwenda mbio. "Unalijuaje jina hilo ninalomwita mimi?" mzee akauliza. "Yuko wapi? Mmempeleka wapi mke wangu?" Gari likayumba kuelekea mstari wa kati, na mbele yao Ardis akasikia mngurumo wa lori la nafaka linakuja.

Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Angeweza kubishana, akamwambia tena na tena kwamba ni yeye, na wafe wote akiwa na haki yake. Badala yake aliimeza haki hiyo.

"Nakutania tu, mzee wangu," akasema, kwa sauti ya mwanamke anayeuza magari. "Mkeo yupo yadi, anakungoja. Tazama mbele. Shika upande wako. Ndiyo hivyo."

Lori likapita, gari zima likatikisika. Verlyn akashusha pumzi, akamwomba radhi, akasema siku hizi anashtuka ovyo. Ardis akamwambia hakuna neno. Akamwonyesha pa kugeuzia, na njia nzima akamwelekeza kama Trent alivyofanya, huku machozi yanamtoka bila sauti. Kushoto hapo, mzee. Punguza mwendo, mzee. Jina lake hakulitaja tena.

Walipofika yadi, Verlyn aliegesha sawasawa kabisa, katikati ya mistari. Akampa mkono, akamshukuru dada yule kwa uvumilivu wake, akashuka kwenda kumtafuta mkewe.

Ardis akashuka upande wake, akazunguka gari kwa kupapasa, akamfuata. Trent alikuwa mlangoni, akamwonyesha Verlyn kwa kidole kwamba mkewe huyo hapo nyuma yake. Verlyn akageuka, na sauti yake ikachanua.

"Ardie! Umekuwa wapi? Nimelijaribu, gari zuri sana. Na yule dada aliyenipeleka, mtu mwema kweli kweli." Akamshika mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa yeye usiku. "Tulichukue? Sema wewe."

Trent alikuwa anatabasamu, akingoja jibu. Ardis akauacha mkono ule umshike kidogo, kisha akaulegeza taratibu, akachukua funguo za gari la Trent zilizokuwa humo. Akamwambia Trent kwamba hawatanunua. Akamwomba radhi kwa kumpotezea siku, na akamwomba jambo jingine: ampigie simu binti yao Janelle, aje awachukue, maana yeye namba hazioni.

"Janelle wa nini?" Verlyn akauliza. "Kwani nani anaumwa?"