Mama Mkwe wa Kwenye Kompyuta

Mwalimu wa Hesabu alikuwa haoni tangu utotoni, na ukilitaja jambo hilo kwa sauti ya huruma alikuuliza wewe mwenyewe saba mara kumi na tatu ni ngapi, haraka, bila kuandika. Wengi walishikwa na kigugumizi, naye aliendelea na safari yake. Alikuwa na ulimi mkali na shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Alikuwa pia na darasa la wanafunzi kumi na mmoja wasioona, ambalo lilimpa kiburi asichojisumbua kukificha.

Asubuhi ya kisa hiki alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni katika chumba cha kompyuta, mikono magotini, akimsikiliza fundi akishindwa.

Printa mpya ya breli ilikuwa imefika juzi yake. Printa ya namna hii haina habari na wino. Hupiga karatasi nene mpaka zikaota vinundu, na vinundu hivyo ndivyo wasioona husoma kwa vidole. Mtihani wa hesabu wa kumaliza mwaka ulikuwa kesho saa tatu asubuhi, kurasa tisa kwa kila mwanafunzi, na kuzipiga zote kwa mkono ni kazi ya wiki nzima. Printa ilikuwa pale mezani, nzito, inanukia upya, na kompyuta ilikuwa imekataa katakata kuitambua. Kila waya ulipochomekwa, ilitoa taarifa kwamba imeona kifaa ila haikijui.

Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye roho nzuri ambaye shule nzima ilimwita Mama, alikuwa ameshapitisha uamuzi. Ikifika saa nane mchana na printa bado imegoma, kesho ataingia mwenyewe darasani awasomee watoto maswali kwa sauti, kama miaka yote. Alisema hivyo kwa upendo kabisa, na Mwalimu wa Hesabu akahisi kama amepigwa kofi.

Yeye mwenyewe alisomewa mitihani yake yote. Hakuna aliyemtendea ubaya. Tatizo lilikuwa kwamba kila alipoomba swali lirudiwe, msomaji alishusha pumzi. Mara ya kwanza alishusha kidogo, mara ya pili ikasikika mpaka nyuma, na mara ya tatu yeye hakuomba tena. Alijibu swali alilolisikia nusu, akakosa. Msomaji alikuwa ameruka alama ya kutoa. Tangu hapo aliapa kwamba mwanafunzi wake hatakosa hesabu kwa sababu ya kuona haya kumsumbua mtu. Sasa kiapo chenyewe kilikuwa kimekwama kwenye waya usiofika hata mita mbili.

Fundi alikuwa mpwa wa Mwalimu Mkuu, baba wa watoto wawili, na wala hakuwa mbabaishaji. Nusu ya simu za mtaa ule zilikuwa hai kwa mikono yake. Ila jambo la kwanza alilofanya alipoketi lilikuwa kuizima ile sauti ya kompyuta. Kompyuta ya Mwalimu husema. Chochote kinachotokea kwenye skrini, sauti ya mwanamke hukisoma neno kwa neno, kuanzia kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho. Fundi alisema inampigia kelele. Mwalimu aliiita sauti ile Mama Mkwe, maana ni mtu wa kusikilizwa mpaka amalize, hata kama ulishajua anakoelekea.

Basi Mama Mkwe alinyamazishwa, na Fundi akafanya kazi kimya kimya kwa mausi. Mwalimu alifuata kila kitu kwa masikio. Waya unachomekwa. Programu inafunguliwa. Kisha mausi inalia ta, ta, ta, ta, yaani Endelea, Endelea, Endelea, Kubali, na Mwalimu akajisemea kwamba hakuna binadamu anayesoma kwa kasi ile. Kompyuta inatoa mlio wa kukataa. Fundi anachomoa waya, anauhamishia tundu jingine, anaanza upya. Matundu yalikuwa manne, na yote manne alipita nayo.

Ilipofika saa sita, Fundi alifuta jasho, akamwita shangazi yake, akamweleza kwamba printa imekuja ikiwa mbovu na irudishwe ilikotoka. Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. Haikuwa kwa ubaya, lakini Mwalimu wa Hesabu aliisikia, akasimama.

"Nipishe hapo kidogo," alisema.

"Mwalimu, nimeshajaribu kila kitu."

"Najua. Nimekusikia."

Alikaa, akamrudishia Mama Mkwe sauti yake mpaka mwisho, akaweka vidole kwenye kibodi. Hakuwa fundi, na hilo alilijua. Alichojua ni kuuliza na kungoja jibu. Alifungua orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, akaishuka mstari kwa mstari huku Mama Mkwe akimtajia. Kibodi. Mausi. Spika. Kifaa Kisichotambulika. Kifaa Kisichotambulika. Mwalimu akahesabu hivyo visivyotambulika kwa vidole vya mkono wa kushoto, akapata vinne.

Akamuuliza Fundi kama printa ni moja au zimekuja nne. Fundi akasogea, akainama kwenye skrini, akakuna kichwa. Taratibu wote wawili wakaelewa. Kila tundu lilipochomekwa waya, kompyuta ilibahatisha kifaa kile ni kitu gani, ikakosea, na ikayaweka makosa yake kumbukumbuni. Sasa haikuona sababu ya kuuliza tena. Mwalimu aliyafuta yote manne, moja baada ya jingine, akachomoa waya kabisa, akaizima kompyuta na kuiwasha upya.

Kisha akafungua flashi iliyokuja na printa. Humo ndimo ilimokuwa draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuelewana na kifaa kipya. Mama Mkwe akaanza kusoma. Alisoma masharti ya matumizi, yote, na haki za mtengenezaji, zote. Fundi alihama mguu mmoja hadi mwingine. Mwalimu Mkuu alitoka, akarudi, akakuta bado. Kwenye ukurasa wa pili, bila kupandisha sauti, Mama Mkwe akasema, "Usichomeke waya wa printa kabla hujaambiwa na programu hii."

Fundi akainama tena kwenye skrini.

"Hiyo imeandikwa wapi?" Fundi aliuliza.

"Mimi sijui imeandikwa wapi. Mimi nimeambiwa."

Alistahili kufurahi, akafurahi kupita kiasi. Kifua kilimjaa. Mama Mkwe alipofika kwenye maneno "sasa chomeka waya", mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshafika, umeshachomeka, na yeye ameshageuza uso upande wa Mwalimu Mkuu apokee sifa zake. Mama Mkwe alikuwa bado anaendelea. "Printa ikiwa imezimwa," alisema, "kisha iwashe." Printa ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Mlio wa kukataa ukasikika, na kwenye orodha kikazaliwa tena Kifaa Kisichotambulika.

Fundi alijitahidi, lakini kicheko kilimponyoka. "Mwalimu, mkweo umemkatiza maneno."

Uso ulimchoma Mwalimu kwa aibu. Alikuwa amefanya kosa lile lile alilolisikiliza asubuhi nzima, tena mbele za watu, na ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa nane. Angeweza kukasirika, na kwa kweli alikasirika kidogo. Halafu akamwomba Fundi aizime printa, asimame karibu nayo, na asiiguse swichi tena mpaka aambiwe. Fundi akaizima. Mwalimu akafuta, akachomoa waya, akawasha kompyuta upya, akarudi mwanzo wa mambo yote, masharti ya matumizi na haki za mtengenezaji. Safari hii aliikalia mikono yake.

"Sasa chomeka waya, printa ikiwa imezimwa, kisha iwashe." Mwalimu akangoja pumzi moja zaidi, endapo bibi ana nyongeza. Hakuwa nayo. Akachomeka. Akamwambia Fundi, "Washa, ndugu yangu." Swichi ikalia.

"Printa ya breli iko tayari," alisema Mama Mkwe, kwa sauti ile ile ya kusomea masharti.

Mashine ilianza kupiga karatasi kama mvua ya ghafla juu ya bati. Mwalimu aliupokea ukurasa wa kwanza ungali na joto, akaupitisha vidoleni, swali la kwanza, la pili, la tatu, kila alama mahali pake. Mwalimu Mkuu aliuliza kama uko sawa. Aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kuupokea wa pili. Fundi alibaki naye mpaka nakala ya kumi na moja, akizipanga na kuzibana kwa pini, na kila aliyepita mlangoni alielezwa kwamba printa haikuwa na ubovu wowote, watu walikuwa hawasomi.

Kesho yake Mwalimu hakuruhusiwa kuingia ndani, kwa kuwa mtunga mtihani haruhusiwi. Alikaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango ulioachwa wazi. Mwalimu Mkuu ndiye aliyesimamia. Hakuwa na cha kuwasomea, lakini mazoea yana taabu. Alizunguka kati ya madawati, akirudi na kwenda, tayari kwa yeyote atakayekwama. Vidole ishirini na viwili vya shahada vilikuwa vinatembea juu ya karatasi, na nje Mwalimu alisikia ule mchakacho mdogo, akaketi wima zaidi.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mdogo kuliko wote darasani, ambaye akisalimiwa na Mwalimu Mkuu hujibu kwa kunong'ona. Mwalimu Mkuu akamfikia haraka.

"Nikusomee, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Kusoma nasoma. Naomba tu usimame sehemu moja. Viatu vyako vinanichanganya hesabu."

Kisha Mwalimu wa Hesabu akasikia vifungo vya viatu vikifunguliwa, na nyayo tupu zikija mpaka mlangoni. Mwalimu Mkuu akaketi kwenye ncha ya benchi, pale ambapo angeweza kuliona darasa lote, akapakata viatu vyake.

"Nimefukuzwa," alinong'ona.

"Pole, Mama," alisema Mwalimu, na katika maisha yake hakuwahi kumpa mtu pole kwa furaha kiasi kile.