Waridi la Susana Lakataa Kuandikishwa

Mwaridi wa Susana ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Mama mkwe aliupanda nyumbani Uriri, ukaparamia ukuta wa jikoni, ukashika paa, na kufikia mwaka wa tisini na nne ulikuwa unaingia dirishani. Mumewe alipotaka kuukata, Susana alimwambia aanze kumkata yeye.

Mwaka huo aliamua kuupeleka kwenye maonyesho ya kilimo Homa Bay. Alhamisi alikata matawi yenye maua machanga ya manjano, akayatia kwenye ndoo ya maji na kusafiri akiwa ameipakata kama mtoto. Karani aitwaye Wesley, aliyevaa tai kubwa kuliko kazi yake, akaandika: "Waridi, manjano."

Ijumaa asubuhi maua yalikuwa pinki.

"Mama, umebadilisha maua," Wesley akasema.

"Sijabadilisha. Yamebadilika yenyewe."

"Maua hayabadiliki bila kamati kujulishwa."

Meza za jirani zilinyamaza ili zisikie vizuri. Milka wa Rusinga, aliyehangaika wiki tatu kukusanya maua ya aina saba kwa shindano la shada la rangi mchanganyiko, akasema kwa upole kwamba siku hizi madukani rangi hazikosekani. Susana alihisi masikio yakimuwaka. Miaka yote ya kuimba kwaya, hakuwahi kuitwa mwongo mbele ya watu.

Mwamuzi alikuwa mzee Gisiri, afisa wa kilimo mstaafu. Hakubishana na mtu. Alifunga uzi mweusi kwenye kila ua, akabandika karatasi yenye sahihi yake kwenye ndoo, akasema, "Tutaonana kesho."

Jumamosi nyuzi zilikuwa palepale. Maua ya jana yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva, yale yaliyokuwa bado hayajachanua yalikuwa yamefunguka ya manjano, na moja katikati lilikuwa la rangi ya machungwa, bado linajishauri. Gisiri alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mama hajadanganya," akasema. "Haya ni mawaridi ya zamani. Huzaliwa manjano, huzeeka mekundu."

Hapo shida ikamrudia Wesley, kwa maana fomu yake ilikuwa na nafasi ya rangi moja tu. Kamati ilijifungia hemani mpaka chai ikaisha, kisha ikatoka na uamuzi: Susana ameshinda, nafasi ya kwanza, shada la rangi mchanganyiko.

"Lakini huo ni mti mmoja," Milka akasema, karibu kulia.

Susana akapokea jembe jipya na mbegu za sukuma wiki. Alikuwa amepanga kumringia Milka mpaka stendi. Lakini alipomwona akiyafunga maua yake ndani ya gazeti, aina moja baada ya nyingine, moyo ukamlainika. Akavunja tawi moja, akampa.

Milka akaligeuzageuza mkononi. "Dada, hili litanitolea rangi gani?"

"Itategemea umeamka saa ngapi," Susana akajibu, akabeba jembe lake begani.