Sura Juu ya Mlango

Kama kuna mtu anatafuta wa kumlaumu, aanze na mimi. Ile sura niliichora mimi, kwa mkono huu huu, na niliichora vizuri mno. Ubaya wote ulianzia hapo.

Nimechora mabango ya jumba moja la sinema kwa miaka ishirini na nane. Aliyeliendesha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mbishi ambaye ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha. Mke wangu alikuwa dirishani akikata tiketi. Mimi na yeye tuliishi vyumba viwili vya nyuma, ukuta mmoja na skrini, hata tulijua filamu imefika wapi kwa jinsi vikombe vilivyotetemeka kabatini. Jumba likifa, kazi imekufa na nyumba imekufa. Hilo tulilijua wote watatu, na hakuna aliyependa kulisema.

Na mwaka ule lilikuwa linakufa kweli. Paa lilivuja juu ya safu ya saba. Watu walikuwa wanatazama filamu kwenye simu, wamelala chali kitandani. Mwenye jengo akampa shemeji mpaka mwisho wa mwezi uliofuata: viti vijae, la sivyo jengo analichukua muuza fanicha aliyekuwa anatafuta pa kuweka vitanda vyake.

Kilichotushikilia wakati huo kilikuwa katuni moja ya wanyama. Haikuwa na staa hata wa dawa, lakini watoto waliwaburuta wazazi wao, wakatoka wanaimba, na Jumamosi iliyofuata wakarudi. Tukaanza kupumua. Ndipo wakala wa filamu akaja na sinema mpya ya shujaa anayeruka juu ya maghorofa, na stelingi wake alikuwa Mwanya.

Mwanya hakuna asiyemjua. Watu walimwita hivyo kwa ajili ya ule mwanya wa meno ya mbele. Akicheka tu, wanawake wanashikana mikono na wanaume wanakwenda kujitazama kwenye kioo. Wakala alikuwa na sharti moja: siku ishirini na moja, maonyesho yote, bila kuchanganya na filamu nyingine yoyote.

"Kaka, usisaini," mke wangu alisema. "Watoto wale wanarudi mara tatu tatu. Unawafukuza kwa ajili ya nani?"

"Dada, watu hawanunui filamu, wananunua sura. Umewahi kuona Mwanya anatoa filamu viti vikabaki?"

"Zile zilikuwa za mapenzi na za kuchekesha. Kuruka juu ya maghorofa ameanza lini?"

"Staa ni staa! Hata akimenya vitunguu, watu watakuja kumwangalia anavyolia."

Akasaini. Mimi nikajitia kukoroga rangi. Ugomvi wa ndugu, shemeji ukiuingilia unatoka na jicho limevimba. Na niseme ukweli, nilikuwa upande wake. Mwanya nilimpenda.

Picha aliyotuachia wakala ilionyesha kinyago cheusi, macho mawili mekundu, basi. Shemeji aliigeuza juu chini.

"Nani atatoka kwake aje kuangalia sufuria? Mvue hicho kitu, shemeji. Nipe sura. Nipe mwanya."

Nikampa. Sasa, sisi wachoraji wa mabango tuna mwiko wetu: filamu hatuitazami kabla ya kuichora. Ukishaitazama, mkono unaingia woga, unaanza kuchora ilivyo, na bango halikuumbwa kusema ilivyo. Mzee aliyenifundisha alinizaba kofi siku aliyonikuta nachungulia. Kwa hiyo Alhamisi, wakala alipotupa nafasi ya kuiona kabla ya watu, mke wangu alikuwa na homa, shemeji alisema haoni haja, na mimi nilikuwa juu ya ngazi namalizia jino.

Ngazi aliishika shemeji mwenyewe. Miaka yote hiyo hakumwachia mtu mwingine. "Ukianguka, dada yangu atanitafuna mbichi," alizoea kusema. Nikimaliza, ananiuliza kutoka chini, "Shemeji, imekaa?" Nami najibu, "Imekaa." Ndipo nateremka. Siku ile, kutoka kidevu mpaka nywele ilikuwa kimo cha watu wawili, na mwanya ule ungeweza kupitisha kichwa cha mtoto. Magari yalipunguza mwendo. Nilijivuna kama jogoo, sikatai.

Ijumaa foleni ilizunguka kona. Shemeji alinikumbatia mbele za watu, na mke wangu akanong'ona dirishani, "Haya, nimekosea, Mungu anisamehe." Mara ya kwanza tangu nimwoe kukiri kosa, na hata hiyo hakuwa na kosa.

Nilisimama nyuma ya ukumbi. Shujaa akaingia amevaa kinyago, watu wakapiga makofi. Akaruka, akapigana, kinyago usoni. Akampenda msichana, kinyago usoni. Sauti yenyewe ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Baada ya saa nzima mama mmoja katikati akapaza sauti, "Vua bwana, tukuone!" Watu wakacheka. Kisha wakaanza wote, "Vua! Vua! Vua!" huku wakikanyaga sakafu. Dakika ya mwisho kabisa akakivua kweli, ametupa kisogo. Taa zikawaka.

Walitoka bila kelele mpaka walipofika nje, wakainua macho, wakaiona sura yangu inawachekea.

"Huyu yuko wapi?" mwanamume mmoja akaniuliza, ananyoosha kidole. "Nimeleta familia nzima. Huyu hapa yuko wapi?"

Onyesho la pili na la tatu lilijaa vilevile, na kila aliyetoka aliwapigia simu wenzake wasije. Jumamosi tulipata nusu. Jumapili, watu thelathini na mmoja. Jumatatu tisa, na wawili wao walikuwa wanakwepa jua.

"Nipande nichore kinyago," nilimwambia shemeji. "Angalau tuseme ukweli."

"Ukigusa sura hiyo, tusijuane! Wiki ya pili watakuja. Stelingi hafi."

"Stelingi hafi," mke wangu akasema. "Tunaokufa ni sisi. Kaka, staa amewaleta mpaka mlangoni, kazi yake ameimaliza. Kuwakalisha ndani ilikuwa kazi ya hadithi, na hadithi hukuiuliza."

Siku ya kumi alikuja mama na watoto watatu wamevaa nguo za kutokea, wakaulizia katuni. Mke wangu akawaambia imehamia jumba la upande wa pili wa mji. Yule mdogo akaangua kilio palepale dirishani. Shemeji akampigia wakala, akamwomba, akamwita "ndugu yangu", akamwita "mheshimiwa". Nilisikia jibu kwa sababu lilikuwa fupi. "Ulisaini, mzee."

Basi tukawa tunaonyesha filamu kwa viti. Sharti ni sharti. Shemeji alikaa safu ya tatu, maonyesho yote, peke yake, na kila mlango ulipolia aligeuka kuona nani ameingia. Mara nyingi alikuwa ni mimi. Nikaacha kuingia, nikaogopa kumwona anageuka.

Siku ya ishirini na moja ilipokwisha alimkabidhi mwenye jengo funguo bila kusubiri mwisho wa mwezi, akaondoka bila kutuaga. Nilimwelewa. Angetutazama na macho gani?

Muuza fanicha alikuja asubuhi yake na futi ya kupimia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniumiza zaidi. Alisimama barabarani, akaitazama sura kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyechora? Usiifute. Inaleta watu?"

"Mpaka mlangoni, inaleta."

"Mlangoni panatosha, ndani nitajua mwenyewe." Akacheka. "Niandikie chini yake: vitanda, makabati, magodoro. Ukiandika leo, vile vyumba vya nyuma nawaachia mpaka mwisho wa mwezi."

Mke wangu alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Aliyasikia yote. Akasema tu, "Nenda kaandike," na akaendelea kufunga.

Nikapanda peke yangu. Ngazi ilicheza kila nilipochovya brashi. Niliandika neno la kwanza nimeng'ang'ania ukuta. Nilipofika kwenye makabati, ikatulia ghafla. Nikatazama chini. Shemeji alikuwa ameishika kwa mikono miwili, ndevu hajanyoa, anatazama lami.

Nikaandika makabati, nikaandika magodoro, herufi nzuri, zimenyooka. Wapita njia walisimama kuangalia. Nilipomaliza nikasubiri aniulize kama kawaida yetu.

"Imekaa, shemeji," nikasema mwenyewe.

"Najua," akajibu, bado anatazama chini. "Wewe hujawahi kukosea."

Nikalia hapohapo juu, nimeegemea jino lile, na yeye akaendelea kushika ngazi.