Kura ya Mama Shani

Usiku wa jana niliota, tena nikiwa nimelala vizuri, bila homa wala kushiba kupita kiasi, kwamba mimi ni mkuu mstaafu wa majasusi wa Korea Kusini na sasa ninagombea ubunge. Ugombea haukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba waliwahi kunipa ujasusi mimi, mtu ambaye nikimfichia mke wangu zawadi, huishia kumwuliza yeye kama ameiona.

Kampeni za kule zina taratibu zake. Mgombea anavaa glavu nyeupe, anasimama asubuhi kwenye mlango wa stesheni ya treni na kumwinamia kila anayepita, mgongo chini kabisa, ili wapiga kura waone unyenyekevu wake. Nami nainama. Nainama kwa bidii kweli. Tatizo ni kwamba kwa mazoea ya kazi nimejificha nyuma ya nguzo.

Watu wanapita, wanaiona nguzo, wanaisalimia. Lori langu la kampeni, lenye vipaza sauti viwili na tabia ya kunidharau, likaniita pembeni.

"Mheshimiwa, watu wanauliza wewe ni nani."

"Hilo haliwahusu," nikajibu.

Lori likashusha pumzi ya dizeli, likasema kwa mwendo huu tutaangukia pua. Likanieleza kuwa nguzo nayo imeshachukua fomu ya kugombea. Wapambe wangu, majasusi wastaafu watupu, nilikuwa nimewatuma wajifanye wafuasi wake ili wanichunguzie. Wamejifanya vizuri mno, na sasa wanaitungia nyimbo.

Nikapanda jukwaani nijitambulishe. Lakini kiapo cha kazi yangu kilikuwa kutomwambia mtu mimi ni nani, na kiapo hakikujua kwamba nimestaafu. Kila nikifungua mdomo unatoka utabiri wa hali ya hewa. "Jijini Busan kutakuwa na mawingu," nawatangazia wananchi, "na mvua nyepesi alasiri." Wakulima peke yao ndio waliopiga makofi.

Kura zikahesabiwa, mimi na nguzo tukatoka sare. Walionipigia siwajui, na kuwatafuta naona aibu. Karani wa uchaguzi akatangaza kwamba imebaki kura moja tu, ya mke wangu, na papo hapo uwanja ukawa jiko letu la Singida, chumba cha kupigia kura kikiwa nyuma ya pazia la stoo.

Mama Shani alikuwa anachambua mchele. Nguzo ilishafika kabla yangu, imeinamisha kichwa isije ikatoboa dari, inamwuliza goti linaendeleaje. Sikuwa najua kwamba goti linamuuma. Ubunge niliusahau pale pale. Nilichoogopa ni mke wangu kuichagua nguzo, na kuwa na haki kabisa.

"Nguzo naijua," akasema bila kuinua macho. "Wewe, Baba Shani, niambie kitu kimoja cha kweli kukuhusu."

"Busan mawingu," nikasema.

"Hiyo nimeshaisikia redioni."

Nikavua glavu, nikang'ang'ana na mdomo wangu kama mtu anayefungua chupa ya achari, mpaka maneno yakatoka.

"Mama Shani, mimi sina siri yoyote. Huwa najifanya ninayo ili usinichoke."

Nguzo ikaangalia pembeni kwa heshima. Huko nje lori likazima injini. Mke wangu akakung'uta mikono, akachukua muhuri wa kupigia kura, ule wa duara jekundu wanaoutumia kule, akaingia nyuma ya pazia. Nikainama. Nikazidi kuinama, nikazidi, hadi nikaanguka kutoka kitandani.

Asubuhi Mama Shani alinimiminia chai. Kwenye mgongo wa kiganja chake kulikuwa na duara jekundu, dogo kama kifungo cha shati, wino wake bado haujakauka. Nikajikaza, nikamwuliza amempigia nani.

"Kura ni siri, Baba Shani," akasema, akanisogezea sukari.