Mshale Alioukataa Mwanzia

Kwa miaka kumi na mmoja, mkono uliochora michoro yote ya kituo cha utafiti wa kichocho karibu na Msambweni ulikuwa wa Mzee Mwanzia. Madaktari walimletea maandishi yao. Yeye, kwa kalamu ya wino na rula ya chuma, aliyageuza kuwa njia za mishale, zikionyesha jinsi mnyoo anavyovunja sukari hatua kwa hatua hadi apate nguvu ya kuishi. Mchoro mmoja ulimchukua wiki mbili. Sharti lake lilikuwa moja: mstari usikate mstari.

Mwaka wa tisini na nane akaja Winrose, binti wa Ndolo, jirani yake kule Shimba Hills. Alitoka chuo kikuu na programu ya kompyuta iliyojipangia yenyewe majina na mishale. Kazi ya wiki mbili ikawa ya dakika tano.

Mwanzia alimwonea wivu hata akajionea haya. Kila Daktari Fondo, mkuu wa kituo, alipocheka mezani kwa Winrose, kalamu ya Mwanzia ilisimama. Akaanza kunywa chai peke yake.

Kisha Daktari Fondo akatoa agizo. Jumatatu wangekuja wauguzi kutoka Matuga kufundishwa. Mwanzia na Winrose, kila mmoja alete mchoro wa njia ile ile ya sukari; utakaotundikwa ukumbini ndio ungekuwa mfano wa kazi zote za baadaye.

Ijumaa asubuhi, michoro miwili ilitandazwa mezani.

"Shikamoo, Baba Kanyiva," alisema Winrose, akimwita Mwanzia kwa jina la mwanawe kama walivyozoea nyumbani.

"Marahaba." Macho ya Mwanzia yalikuwa yamekwisha kuona, na moyo ukamruka kwa furaha. "Mwanangu, mashine yako haikufunzwa adabu? Mstari huu umewakanyaga wenzake watatu, kama mbuzi aliyekata kamba!"

Winrose akacheka. "Umewakanyaga kweli. Haikupata pengine pa kuupitisha. Lakini kwako, baba, mshale huo uko wapi?"

"Mshale upi?"

"Huu unaorudi juu. Nguvu ikizidi, hurudi ikapunguza mwendo wa hatua ya tatu. Nimeutafuta kwako sikuuona."

Mwanzia aliinama. Hakuhitaji kutafuta. Aliukumbuka mshale ule: katika mchoro wake wa kwanza ungekata mistari mitatu, naye akauacha, akijiambia kwamba angeurudia. Hakuurudia. Kila mchoro mpya aliunakili kutoka kwa uliotangulia, na hakuna daktari aliyewahi kuuliza, kwa maana kazi ilipendeza mno.

"Sitasema mbele ya watu," Winrose alinong'ona. "Wewe ni mzazi wangu."

Huruma hiyo ilimchoma kuliko dharau. Hata katika hilo alikuwa amemshinda!

Daktari Fondo aliingia, akaitazama michoro yote miwili. "Huu wa mashine unaumiza macho," alisema. "Tundikeni wa Mzee."

Winrose akaanza kuuviringisha mchoro wake.

Ndilo neno ambalo Mwanzia alikuwa ameliombea usiku na mchana. Aliukunja mchoro wake nusu, akaukunjua tena.

"Daktari, wangu una kasoro. Umekosa mshale mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa themanini na saba."

Daktari alivua miwani. "Na kwa nini?"

"Ulikuwa unaniharibia mchoro."

Daktari akavaa miwani tena.

"Waweza kuurekebisha kabla ya Jumatatu?"

"Kuupitisha vizuri, wiki mbili. Tundika wa Winrose. Ni mbaya, lakini ni kamili."

Daktari alipotoka, Winrose alitaka kumshika mkono. Mwanzia akamwomba nyundo badala yake. Aliupanda ukuta wa ukumbi kwa ngazi, akaupigilia mchoro wa binti yule misumari minne, akapima kwa rula yake pande zote ziwe sawa. Kisha akabaki juu ya ngazi kwa kitambo, uso karibu na karatasi, akitafuta mahali pengine mashine ilipokosea.