Mtamba wa Barabara ya Moiyabana

Mtu anayetaka kumpeleleza mumewe haendi na gari lenye herufi L nyekundu juu ya paa. Kebadire alilijua hilo vizuri, ila gari jingine hakuwa nalo. Alikuwa mwalimu wa udereva pale Serowe, na kile kigari cheupe cha shule kilijulikana wilaya nzima, hata watoto wadogo walikipungia mkono. Jumapili ile hakujali. Wivu ulikuwa umempanda tangu kanisani, pale jirani yake alipomwinamia sikioni katikati ya wimbo.

"Mama Gaone, siku hizi mumeo ana zizi Moiyabana?"

"Hana. Ng'ombe zetu wako upande wa Palapye."

"Ah! Basi itakuwa pikapu inayofanana na yake. Maana haikosi Jumapili hata moja kwa yule Sethunya." Jirani akaendelea kuimba, tena kwa sauti nzuri.

Sethunya! Huyo ndiye aliyekuwa na mumewe, Modiredi, zamani, mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa taratibu, ambaye watu wote walidhani ataolewa yeye. Kebadire ndiye aliyempata Modiredi mwishowe. Akamzalia Gaone, wakakaa nyumba moja miaka na miaka, lakini mahari haikutoka. Hata ng'ombe mmoja hakuwahi kuingia zizini kwa baba yake. Wajomba zake walimwita Modiredi "mgeni wetu" na kucheka mbele yake. Mwanamke asiyetolewa ng'ombe atamshika mume kwa kitu gani? Siku akitaka kuondoka anachukua kofia yake, basi, hakuna wa kumwuliza. Ndiyo maana kila Jumapili Modiredi alipopakia jiwe la chumvi kwenye pikapu na kusema anakwenda kuangalia mifugo, Kebadire alisimama langoni kumtazama mpaka vumbi likatulia.

Leo hakusimama langoni. Alimpa muda wa kutangulia, kisha akawasha gari la shule.

Alifika Moiyabana jua likiwa limeanza kulegea. Ua wa Sethunya ulikuwa kando ya barabara, na pikapu ilikuwa humo, chini ya mti wa mng'ongo. Modiredi alikuwa amekaa kwenye kigoda, katanua miguu kama mwenye nyumba. Sethunya, aproni kiunoni, alikuwa akimpa bakuli la maziwa ya mgando kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo kwa heshima. Modiredi akapokea huku akicheka. Kebadire alijaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kumpa mumewe kitu kwa mikono miwili, asikumbuke. Kwake ni "Chakula kiko mezani," naye huyo kaondoka.

Aligeuza shingo aone zaidi. Gari likapita ua, likaingia kwenye kona, na shingo yake bado iko nyuma.

Kishindo kilimrudisha. Boneti ilikunjamana, taa moja ikamwagika vipande, na mbele yake mtamba mwekundu alianguka ubavu, akapiga miguu mara chache, akatulia.

Barabara ilikuwa tupu. Kila siku Kebadire aliwaimbisha wanafunzi wake: simama, washa taa za tahadhari, msaidie aliyeumia, mnyama usimsogeze, ita polisi, usiondoke. Aliyekosa kuimba alirudia mpaka midomo ikakauka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatia gia ya kurudi nyuma. Akiita polisi, swali la kwanza litakuwa alikuwa anakwenda wapi. Aseme nini? Kwamba mwalimu mzima anazunguka na gari la shule kuchungulia nyua za watu? Atachekwa kuanzia Moiyabana mpaka Serowe, na Sethunya atacheka kuliko wote.

Aligeuza kichwa kuangalia njia ya kukimbilia, na jicho lake likapita kwenye paja la yule mtamba. Aliiona chapa. Akaizima injini, akashuka, akaenda kuinama karibu. Ilikuwa chapa ya Modiredi.

"Kumbe!" alisema peke yake. "Kwangu hakuna hata kwato, kwake anapeleka mitamba!"

Damu ilimchemka. Sasa hakutaka tena kukimbia. Polisi waje. Waje na kalamu zao, wamwite mwenye ng'ombe mbele za watu, aseme mwenyewe mali yake inafanya nini kwa mwanamke huyu. Akawasha taa za tahadhari, akapiga simu, akasimama kando ya mzoga, mikono kiunoni.

Watu wa Moiyabana walifika kabla ya polisi, wamekuja na visu na mabeseni, wakidai wamekuja kutoa pole.

"Pole, mma. Huyu amekufa vizuri kabisa, nyama yake haijaharibika."

"Atakayemgusa nitamtaja polisi," Kebadire aliwaambia, nao wakakaa pembeni kusubiri, visu mapajani.

Gari la polisi lilikuja likitokea upande wa kituo, na Modiredi akaja mbio akitokea upande wa ua, Sethunya nyuma yake. Sajini Ntesang alishuka, akaitazama L juu ya paa, akamtazama dereva.

"Mwalimu! Wewe ndiye uliyemfundisha mke wangu!"

"Ni mimi, rra. Nimegonga, nimesimama, nimeita. Sasa mwulize mwenye chapa hii. Mwulize ng'ombe wake anatafuta nini huku!"

"Kebadire," Modiredi alisema, akihema, "twende nyumbani tukaongee."

"Nyumbani wapi? Nyumbani si pale unaponywea maziwa kwa mikono miwili? Sema hapahapa! Umemtolea mahari huyu?"

Wenye mabeseni walisogea karibu. Modiredi alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Ni mahari yako wewe," alisema. "Miaka miwili nanunua mmoja mmoja. Ningewaweka kwetu ungewajua siku hiyohiyo, na wajomba zako wangeanza kelele. Huyu alikuwa wa mwisho. Jumamosi ningewapeleka wote kwa baba yako."

Kebadire aliutazama mzoga. Furaha na aibu vilimjia pamoja, asijue aanze na kipi. Lakini wivu haukumpisha hata dakika.

"Na kwa nini kwake? Botswana nzima umekosa zizi jingine?"

"Ana majani na kisima. Tena anajua kunyamaza."

Sethunya alisema polepole, "Mimi nakunywa maziwa na kupata ndama. Ndiyo makubaliano yetu. Nimekulelea mahari yako vizuri, mama Gaone." Akamtazama Modiredi, si Kebadire. "Sasa amepungua mmoja. Itabidi uendelee kuja Jumapili, mpaka apatikane mwingine."

Alilisema bila haraka, na macho yake yaling'aa.

Sajini alitoa kalamu. "Mwalimu, nisikilize. Ukigonga kwa uzembe wako, kibali chako cha kufundisha kitakwenda kujadiliwa, na sijui kama kitarudi. Lakini kama mtu aliacha zizi wazi, lawama inageuka. Nani alifunga zizi leo?"

"Mimi," alisema Modiredi. "Nilifika, nikawapa chumvi, nikafunga mlango kwa waya. Nilizungusha mara tatu."

"Labda walisukuma," alisema Sethunya.

Hapo Kebadire akauona. Ncha ya waya wenye kutu ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa aproni ya Sethunya, imejipinda bado kama ilivyokuwa mlangoni. Macho ya wanawake wawili yakakutana. Kebadire aliuelewa ule uso mara moja, kwa sababu alikuwa ameuona asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe.

Neno moja tu lingetosha. Kibali chake kingepona, Sethunya angeondoka na Sajini, na Modiredi angewahamisha ng'ombe jioni hiyohiyo. Lakini Modiredi pia angejua. Angejua kwamba yuko mwanamke aliyefungua zizi ili asimkose Jumapili, na angerudi Serowe na jambo hilo kichwani, akilala nalo, akitabasamu nalo peke yake kwenye pikapu. La! Hilo Kebadire asingempa. Heri kibali kiende.

"Mwalimu, kuna la kuongeza?" aliuliza Sajini.

"Hakuna. Andika kosa ni langu. Macho yangu hayakuwa barabarani."

"Yalikuwa wapi?"

"Kwa mume wangu."

Wenye mabeseni waliangua kicheko. Sajini akaandika. Sethunya aliusukumiza waya ndani zaidi mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akatazama chini.