Mkwe Aliyegeuza Kioo

Emiliana hakuja Ruaha kutazama tembo. Tembo wamemlia mtama tangu usichana wake, awafuate huku kutafuta nini? Alikuja kumtazama mkwewe.

Binti yake Hilaria aliolewa na Mazengo mwaka juzi. Siku hizi akipigiwa simu hujibu "tupo salama, mama" kabla hajaulizwa chochote, na jibu la namna hiyo halimwingii Emiliana akilini hata kidogo. Basi mkwe alipotangaza kwamba amekodi gari na ataliendesha mwenyewe mpaka hifadhini, mama akajipachika safarini. Mazengo alikataa kuchukua mwongozaji. Eti twiga hahitaji mkalimani. Haya.

Kwa heshima ya ukwe, kama Mgogo aliyefundwa, Mazengo alikigeuza kioo cha ndani kikaangalia dari, asije akagongana macho na mama mkwe aliyeketi nyuma. Hata kumsemesha hakumsemesha. Kila neno lilipitia kwa Hilaria.

"Mwambie mama atazame kulia, kuna pundamilia."

Tangu wapite Mtera, Emiliana hakumwona mkwewe na kosa lolote, na hilo ndilo lililomkera. Adabu gani hii isiyochoka? Emiliana aliwatupia pundamilia jicho moja tu. Jingine lilikuwa kwa binti yake, aliyekaa wima muda wote kama yuko kwenye usaili.

Mbele yao ndama wa tembo akavuka njia. Mazengo akasimamisha gari, Hilaria akatoa simu apige picha. Emiliana akasikia matawi yakivunjika nyuma. Kugeuka, mama wa ndama huyo anakuja mbio, masikio kayatanua! Hapakuwa na nafasi ya kupitisha maneno kwa mtu.

"Mazengo! Tembo nyuma!"

Mazengo akanyanyua mkono upesi kukirudisha kioo. Hilaria akaangusha simu, akajikunyata mlangoni, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakuwa amegeuka nyuma wala kumwona tembo. Alikuwa ameuona mkono.

Gari likachomoka, likamkwepa ndama, likaenda kusimama mbali.

"Tumepona," Mazengo akasema, akacheka peke yake. Hilaria akainama, akajifanya anatafuta simu.

Emiliana akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Kushuka hapo hakuwezekani, pori lote lile lina simba. Akamshika binti yake bega.

"Tukifika getini, unashuka na mimi."

Hilaria hakuuliza kwa nini.

"Na nguo zangu, mama," akanong'ona, "atazifuata nani?"